Mlolongo wa Wakwe

Chama chetu kilikuwa kidogo. Wanasiasa wakisema chama fulani ni kidogo huwa wana maana kwamba hakina wabunge. Chetu hakikuwa hata na viti. Tukiwa na mkutano tuliazima viti vya kanisa, na kanisa likiwa na harusi siku hiyo, siasa ilisubiri. Hata hivyo tulikuwa na kiongozi wa chama, naibu kiongozi, katibu mkuu, katiba yenye jalada gumu, na wanachama waliotapakaa Migori na Homa Bay, wachache kiasi kwamba nilijua ni nani kati yao hali maini.

Nilijua kwa sababu mimi ndiye niliyewapikia. Cheo changu kilikuwa mwenyekiti wa akina mama, na kwa miaka yote niliyokishika maana yake haikubadilika: sufuria, kuni, mchele, na wimbo mmoja wageni wakifika. Mwisho wa kila mkutano kiongozi alisema, "Na sasa tuwashukuru mama zetu kwa chakula," na watu wakapiga makofi huku macho yao yakiwa kwenye mlango wa jikoni. Nilitokea na kitambaa begani, nikapunga mkono, nikarudi kwenye moshi. Sikuwahi kuketi jukwaani. Sikuwahi kusikia hotuba kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa maana ugali haujisongi wenyewe.

Kwa hiyo naibu kiongozi wetu alipohamia chama kikubwa chenye viti vyake, nilisimama kwenye kamati nikasema cheo hicho nakitaka. Wakacheka. Walidhani nawachangamsha kabla ya chai. Nikarudia, wakanyamaza. Nilitaka kukaa kwenye kile kiti kilicho kando ya kiongozi, nizungumze watu wakiwa bado na masikio, halafu nipakuliwe chakula na mtu mwingine. Wengine walisingizia maendeleo, vijana, barabara. Mimi nilitaka kutoka jikoni, na sioni haya kusema hivyo mpaka leo.

Mpinzani wangu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa sauti ya chini na suruali iliyopigwa pasi mpaka ukadhani itakukata. Hakukosa mazishi hata moja katika kaunti zote mbili. Alikuwa akifika mapema, anaketi nyuma, anasaidia kubeba viti, na akiondoka kila mfiwa anaapa kwamba mwalimu alizungumza naye peke yake. Nilijaribu kumchukia nikashindwa, na hilo lilinikasirisha kuliko kama angekuwa mwizi.

Lakini mimi nilikuwa na kitu ambacho yeye hakuwa nacho. Nilikuwa na binti sita.

Niwaeleze. Chama kilipotutaka tufungue matawi, wenzangu walizunguka wakibandika karatasi kwenye nguzo za stima. Mimi nilifungua matawi kwenye nyumba za binti zangu. Mahali alipoolewa binti yangu, hapo chama kilikuwa na tawi. Wa kwanza yuko kisiwani Takawiri, wa pili Mbita, wa tatu Kendu Bay, wa nne Rongo, wa tano Ogwedhi kwenye soko la ng'ombe, na kitinda mimba wangu yuko Isebania, ambako mumewe huwabadilishia madereva wa malori pesa za Kenya na za Tanzania. Kila tawi lilihitaji mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa mjumbe wa uchaguzi. Katibu aliponiletea fomu niliandika majina sita ya waume wa binti zangu bila kunyanyua kalamu. Nikaongeza mke mwenzangu, niliyebaki naye tangu mume wetu afariki, na mdogo wangu wa kuzaliwa, hao wakiwa wajumbe wa akina mama. Jumla nane. Wajumbe wote walikuwa kumi na watano. Nane kwa saba. Nilipiga hesabu hiyo mara nyingi nikiwa peke yangu, na kila mara ilinipendeza.

Sasa, asiyetoka kwetu lazima aambiwe jambo moja. Sisi Wajaluo, mama mkwe, tunayemwita maro, na mume wa binti yake hawakaribiani. Hawashikani mikono. Hawali meza moja. Akiingia yeye kwa mlango huu, wewe unatafuta mwingine, na usipouona unabaki ulipo mpaka apite. Wala maro si yule tu aliyemzaa mkeo: mke mwenzake ni maro, dada yake ni maro. Ukivunja mwiko huo, wazee wanasema utapatwa na chira, yale maradhi ya kukonda yasiyojulikana dawa. Mimi ni mtu wa kanisa, naimba kwaya, na mchungaji wetu husema mambo hayo yamepitwa na wakati. Mama mkwe wa mchungaji alipokuja kututembelea, mchungaji alihubiri akiwa amesimama upande wa dirisha.

Na mimi nilikuwa mkali kuliko wengine. Mkwe wangu wa Kendu Bay, siku yake ya kwanza kwangu, alijisahau akaninyooshea mkono. Niliutazama huo mkono. Niliutazama mpaka ukashuka wenyewe, na mwenye mkono akatoka nje kwenda kuangalia ndizi zangu, akaziangalia mpaka wageni wengine walipomaliza kula. Habari ikawafikia wote. Tangu hapo wakwe zangu walikuwa na nidhamu ambayo majirani walinionea wivu.

Unaweza kukisia jinsi kampeni yangu ilivyokuwa. Mwalimu alikwenda kwa wajumbe wake, akakaa, akanywa uji. Mimi nilikwenda kwa wajumbe wangu nikakaa na wake zao. "Mwambie bwana yako asikose," nilimwambia kila binti, naye akatoka nje kupeleka ujumbe, akarudi na jibu. Takawiri nilimwona mkwe wangu ufukoni akianika omena, wale dagaa wa ziwani, mbele yangu kabisa, nikampigia simu. Akaipokea akiwa amenipa mgongo. "Kura iko, mama," alisema kwenye simu, na upepo ukaniletea maneno hayo hayo kwa sikio la pili.

Ogwedhi ndiko tulikoendelea zaidi. Mkwe wangu wa huko ni mnunuzi wa ng'ombe na ana ujasiri wa kazi hiyo. Alisimama upande mmoja wa fahali mkubwa mwekundu, mimi upande mwingine, tukazungumza siasa kwa nusu saa juu ya mgongo wa mnyama. Mwenye fahali alidhani tunashindana kumnunua, akapandisha bei.

Kosa langu nililifanya kwenye kamati, mbele ya mashahidi. Katibu alipendekeza kura ya siri, kila mtu na karatasi yake na sanduku. Nikainuka.

"Sanduku mimi nalijua!" nikasema. "Linaingia na kura zangu, linatoka na kura za mtu mwingine. Tupange mlolongo. Kila mgombea asimame, watu wake wapange mstari nyuma yake, tuhesabu vichwa kwa macho yetu!"

Katibu akajaribu kusema kwamba mlolongo unaleta uhasama. Nikamwambia mkifanya kwa sanduku mtajipikia. Hoja hiyo ilipita bila kupingwa. Mwalimu mkuu alinitazama kidogo, akafungua mdomo, akaufunga. Siku hizi naamini alitaka kunionya, na kwamba siasa ilimshika mkono. Siwezi kumlaumu.

Siku yenyewe tulikutana Homa Bay, kwenye uwanja wa shule iliyokuwa imefunga. Msimamizi wa uchaguzi alikuwa wakili aliyetoka mbali, mtu wa makamo mwenye miwani, aliyeletwa makusudi kwa kuwa hakuwa na ndugu upande wetu. Alikuwa na katiba mkononi na filimbi shingoni. Binti zangu wote sita walikuja na waume zao, wakavuka moja kwa moja hadi jiko la shule, kwa sababu hata siku ya uchaguzi watu wanakula. Mimi nilivaa gauni jipya la rangi ya machungwa na viatu vilivyonibana. Sikupita jikoni. Niliiambia harufu ya vitunguu isinikaribie.

Wakili akapuliza filimbi. Mwalimu akasimama chini ya mti wa jakaranda, mimi nikapewa upande wa jua. Watu wake saba wakajipanga nyuma yake kama watoto wa darasa la kwanza. Nyuma yangu akaja mke mwenzangu, na nyuma yake mdogo wangu. Nikatazama mbele kwa heshima, nikisubiri kusikia viatu vya wanaume sita.

Sikusikia kitu.

Nikageuka. Wakwe zangu walikuwa wamesimama kwenye ua wa shule, mbali kabisa, wote sita wamejipanga vizuri, kofia mkononi, macho chini. Baina yetu palikuwa na uwanja mtupu na mbuzi mmoja. Hapo ndipo akili yangu ilipofika mahali ilipopaswa kufika miezi miwili kabla. Nyuma yangu kulikuwa na maro. Nyuma ya maro kulikuwa na maro mwingine. Nilikuwa nimepanga mlolongo wa mama wakwe watatu, kisha nikawaalika wanaume hao hao waje kupumua kwenye shingo zetu.

"Wale ni watu wa nani?" wakili akauliza.

"Wangu," nikasema.

"Basi waje."

"Wanakuja," nikasema, nikijua hawaji.

Wa Takawiri, kwa kuwa ndiye mkubwa, alimwita wakili kando wakazungumza. Wakili akarudi akifuta miwani. "Madam, wanasema wanakuunga mkono kabisa, lakini wanaomba kuhesabiwa kutoka pale kwa fensi."

"Wahesabu basi!"

Akafungua katiba. "Hapa inasema mstari usiokatika. Huu umekatika. Umekatika sana."

Yule wa Ogwedhi, mtu wa ng'ombe, akapata wazo. Alitoa kamba garini, kamba ndefu ya kufungia mifugo, akaitupa, mdogo wangu akaidaka. Wao wakashika upande wa pili, wote sita, kwa mikono miwili. Kwa dakika moja tuliunganika uwanja mzima, na nikaanza kuona kiti changu. Upande wa mwalimu walianza kulalamika. Wakili akaifuata kamba kutoka mwanzo hadi mwisho, akaitazama kama kielelezo cha mahakamani.

"Kamba si mjumbe," akasema, na akaandika.

Nikaona mwiko wenyewe sasa utanila cheo. Nikapaza sauti, mimi niliyemfukuza mtu hadi kwenye ndizi kwa sababu ya mkono mmoja: "Sogeeni! Nimewaruhusu! Leo si ukwe, leo ni siasa!"

Hakuna aliyesogea. Wa Kendu Bay aliweka mikono yake nyuma ya mgongo akaifumbata. Wa Ogwedhi peke yake akajikaza, akapiga hatua nne, tano, sita, jasho likimtoka, na nadhani angefika. Lakini mdogo wangu akakohoa. Alikuwa na kikohozi chake tu cha vumbi. Mtu wa ng'ombe aligeuka akarudi kwenye ua karibu mbio.

"Mama, tusamehe!" wa Rongo akaita kutoka mbali. "Sisi tuna watoto wadogo, yawa!"

Ndipo nikakumbuka jiko. Binti zangu walikuwa wametoka wamesimama mlangoni na aproni zao, wakitazama. Damu yangu ilichangamka. Watu sita wanaoweza kusimama nyuma yangu, kunishika, hata kunibeba. "Njooni!" nikawapungia. "Njooni msimame hapa, waume zenu wajipange nyuma yenu!"

Wakaanza kuja. Wakili akanyanyua mkono.

"Hawa ni wajumbe?"

"Ni binti zangu."

"Sijauliza hilo, madam." Akapitisha kidole kwenye orodha, taratibu, jina kwa jina. Orodha hiyo niliiandika mimi, kwa mwandiko wangu. "Hawapo. Tafadhali warudi."

Wakarudi. Hawakubishana. Walirudi jikoni kama watu waliozoea njia hiyo, na mimi nikabaki kwenye jua na viatu vyangu.

Wakili akatangaza kwamba atahesabu. Katika dakika ya mwisho mkwe wangu wa Isebania aliondoka kwenye ua akavuka hadi kwenye mstari wa mwalimu, akasimama mwisho. Baadaye alijitetea kwamba alitafuta kivuli. Wanane kwa wawili, na watano kwenye ua. Watu wa mwalimu walimnyanyua juu, yeye akiwaomba wamshushe kwa sababu ya suruali.

Alikuja kunipa mkono. Nilimpa wangu, nikampongeza. Nyuma yake akafuata kiongozi wa chama, akanishika bega kwa upole, akainama kana kwamba ana neno la faraja.

"Pole, mama," akasema. "Chakula kiko karibu?"

Sijui niliwezaje kutompiga. Niliondoka kuelekea jikoni nikivua viatu njiani, kimoja hapa kingine pale, na nilipoingia nilikuwa na maneno ya kutosha wakwe sita. Nikaanza na wa Isebania na kivuli chake. Nikawashukia wote: waoga, wasio na shukrani, wanaume waliokula kuku wangu wakiwa chumba cha pili miaka yote hii. Binti zangu waliendelea na kazi. Mmoja alikuwa anapakua mchele, mwingine anakata mboga. Nilipotulia kuvuta pumzi, mkubwa wao, yule wa Takawiri, akazungumza huku akikoroga mchuzi.

"Mama, mbona hukutuandika sisi?"

"Kuwaandika wapi?"

"Kwa orodha."

"Waume zenu ndio wenyeviti wa matawi."

"Yeye huwa ziwani," akasema. "Mkutano wa tawi unafanyika jikoni kwangu. Mimi ndio naandika majina, mimi ndio naita watu. Yeye anaweka sahihi akirudi."

"Kwangu pia," akasema wa Rongo.

"Na hamkuniambia?"

"Hukutuuliza. Ulikuwa unasema, mwambie bwana yako asikose."

Niseme ukweli, jibu lililonijia lilikuwa kwamba jina la mwanamume lina uzito kwenye fomu, na maneno hayo nilikuwa nimeyasikia kwenye kamati kwa miaka mingi, yakisemwa juu yangu. Nilihisi uso wangu ukiwaka, na haukuwa moto wa jiko. Nilikaa kwenye gunia la viazi. Ilibidi niulize, ingawa niliogopa.

"Na kama ningekuandika wewe, ungenipa kura?"

Mkubwa wangu akaonja mchuzi, akaongeza chumvi. Hana haraka, amemfuata baba yake.

"Ungeniomba," akasema, "ningefikiria."

Wadogo zake wakaangua kicheko, halafu wakaniona, wakakatisha. Kwa kweli hapakuwa na tusi ndani ya maneno yake. Nilikuwa nimepanda mashua hadi kisiwani, nimezungumza na mgongo wa mumewe ufukoni na mgongo wa fahali Ogwedhi, na mwanangu aliyekuwa ananimiminia chai sikumwomba kitu isipokuwa sukari zaidi.

Nikainuka. Nikafuta mikono yangu kwenye gauni la machungwa, gauni jipya, nikasimama mbele yake miguu mitupu.

"Mama watoto," nikamwambia, kwa heshima ile ninayomwita nayo mke wa mtu mwingine, "mimi nagombea naibu kiongozi wa chama. Nimekuja kukuomba kura yako."

Alinitazama kuona kama natania. Aliona sitanii. Akaweka mwiko juu ya kifuniko, akazunguka meko, akaja akasimama nyuma yangu, karibu kabisa, mpaka nikasikia pumzi yake shingoni. Nikaenda kwa wa Mbita kwa macho, kwa maana sasa nilikuwa na mstari na sikutaka ukatike, nikamwomba na yeye. Akaja. Nikamwomba wa Kendu Bay, na wa Rongo, na wa Ogwedhi. Wa Isebania alikuwa analia, akasema mume wake si mtu wa kivuli, basi tu, nikamwambia aje, akaja.

Nje kiongozi alipiga makofi mara mbili, akaita kwamba wageni wamekaa. Akaita tena. Tulikuwa saba, tumeshikana, na hakuna aliyetoka kwenye mstari.